Ndege ya kwanza hupandwa na mtaa mzima

Hotuba iliyotolewa katika baraza la jioni, Mombasa

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma, asanteni kwa kuja na joto hili.

Waandalizi waliniomba nizungumzie kumbukumbu za watu kupanda ndege mara ya kwanza. Nadhani walisema moyoni, huyu mama amefanya kazi kaunta ya abiria pale kiwanja cha ndege cha Moi mpaka akastaafu, bila shaka atatuletea vichekesho vya watu wasiojua kufunga mkanda. Vichekesho ninavyo, na kimoja viwili nitavitoa. Lakini nitangulize ninachoamini, tusije tukapotezana njiani: hapa kwetu mtu hakuwa akipanda ndege ya kwanza peke yake. Kitini alikaa yeye, lakini safari ilikuwa ya nyumba, ya ukoo, pengine ya mtaa mzima. Na jambo hilo naona linatuponyoka.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1937 kampuni ya Imperial Airways ilikuwa ikipitisha Mombasa ndege zake kubwa za kutua majini, zikitoka Uingereza kwenda Durban. Zilishuka na Misri, zikaifuata Nile mpaka Ziwa Viktoria, zikatua Kisumu, kisha Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, na kuteremka hivyo hivyo kusini. Ndege ya namna ile haikutaka lami, ilitaka maji yaliyotulia, na maji sisi tunayo. Watu wetu waliiona ikishuka na ikipaa. Kuipanda, hilo lilikuwa la maafisa na matajiri, na la barua. Naam, barua, maana mifuko ya posta ilikuwa na heshima yake ndani ya ndege zile kuliko abiria wengi.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kikajengwa kiwanja cha Port Reitz, huko huko bara ya Changamwe kilipo mpaka leo, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kikapanuliwa kupokea ndege za kimataifa. Mwaka 1946 ikaundwa East African Airways, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ilianza na vindege vya Dragon Rapide, vya mbao na kitambaa, bawa juu na bawa chini. Halafu ikaja Dakota. Hapa naona mzee wangu mmoja anatikisa kichwa, na baadaye nitampa nafasi. Dakota ikisimama chini, pua iko juu na mkia uko chini, kwa hivyo abiria akiingia kwa mlango wa nyuma ilibidi apande mlima ndani ya ndege kukifikia kiti chake. Na haikuwa na uwezo wa kushindilia hewa ndani kama ndege za leo, basi ikaruka chini chini, kwenye joto na mawingu yenyewe, na kila alichokula mtu asubuhi kikajua kwamba kiko safarini.

Lakini tusijidanganye. Miaka hiyo yote, Mswahili wa kawaida wa Kibokoni au Majengo akienda Nairobi alipanda gari la moshi la usiku. Akienda Unguja au Lamu, chombo. Akienda kuhiji, meli. Ndege ilikuja kuwa yetu polepole, na iliingia kwa milango miwili: hija, na kazi za Arabuni. Utalii ulileta ndege nyingi za Wajerumani, hilo halina ubishi, na tulizoea kuwasikia wageni wakipiga makofi magurudumu yakigusa lami. Ila zile zilikuwa ndege za kuleta watu. Mimi nasema za kuondoka na watu wetu.

Nianze na hija, maana hapo ndipo nilipojifunza kazi.

Zamani za meli, mwenye kuhiji alikuwa na siku nyingi baharini za kuzoea kwamba ameondoka. Ndege ikaifanya safari ile ya saa chache, lakini desturi ya kuaga haikupungua hata chembe. Mtu alizunguka nyumba kwa nyumba kutaka radhi. Aliyemdai alilipwa, na waliogombana walipatanishwa. Hata jirani ambaye kuku wake alipigwa jiwe zamani aliendewa akaombwa msamaha. Siku yenyewe ikifika, msafiri mmoja alikuja kiwanjani na matatu nzima ya watu, kina mama na buibui zao, watoto wamevalishwa kama Idi, mzee mmoja wa kusoma dua, na mtu wa ziada ambaye hakuna aliyejua ni wa nani. Wakubwa wangu kazini walilalamika kwamba tunajaza ukumbi. Mimi sikulalamika. Nilijua kwamba kina bibi wale wakishasoma dua yao, yule anayesafiri atapanda ngazi bila kutetemeka.

Wale wasioijua safari hii niwaeleze jambo moja. Mwenye kuhiji ana mpaka ambao hapaswi kuuvuka bila ihramu na nia, unaitwa mikati. Kwa wanaotoka upande wa kusini ni Yalamlam. Kwa meli, mpaka ulijulikana mkiufikia, watu wakaoga, wakavaa, wakanuia kwa utulivu. Kwa ndege, mpaka uko chini yako na wewe unaukimbia kwa kilomita mia nane na zaidi kwa saa. Ndiyo maana wengi wa wanaume hujifunga zile shuka mbili nyeupe za ihramu tangu nyumbani au kiwanjani, na rubani hutangaza kabla ya kufika ili watu waweke nia. Niliwahi kuwamo katika safari kama hiyo. Tangazo lilipotolewa, talbiya, ile dua ya mahujaji, ilianzia viti vya mbele ikaja ikienda nyuma, labbaika, labbaika, mpaka sauti ya injini ikazama. Kina bibi ambao tangu tupae walikuwa wameng'ang'ania mikono ya viti, macho wamefumba, wakaviachia viti wakainua mikono. Woga ulikwisha pale pale.

Sasa kisa cha mzee mmoja. Alikuwa na mkoba wa mkononi, umefungwa kwa kitambaa. Kijana wa ukaguzi, mgeni kazini na mgeni pwani, akautoa kwenye mashine, akafungua, akakuta nguo nyeupe pisha baada ya pisha.

"Mzee, hii ni nguo gani?"

"Sanda, mwanangu."

Kijana aliniangalia mimi. Nikamwambia ni kweli, wazee wetu wengine huchukua sanda zao wakaziosha kwa maji ya Zamzam, kile kisima cha Makka, wakirudi wakaziweka sandukuni mpaka siku yake. Kijana hakusema neno. Aliikunja upya, pembe kwa pembe, vizuri kuliko alivyoikuta, akamrudishia kwa mikono miwili na kumwambia, "Mzee, ukifika niombee mamangu." Mzee akamuuliza jina la mama, akalirudia mara mbili ili alishike.

Mimi mwenyewe nilipanda mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikipelekwa Nairobi kwa mafunzo ya kazi. Ilikuwa Fokker Friendship, ndege ya mapanga mawili, mabawa yamekaa juu ya paa na madirisha yake makubwa ya umbo la yai. Ukikaa sawa na bawa unaliona gurudumu kabisa, lile lile la kutua, linakunjwa na kuingia tumboni mwa injini. Sikuwa nimeambiwa kwamba hukunjwa. Nilidhani linang'oka. Nikamtazama abiria wa jirani, bwana wa makamo, anasoma gazeti, hana habari, nikasema kama yeye hana habari basi na mimi sina.

Shangazi yangu, ambaye hakuwa amepata kupanda ndege maishani, alinitia ubani wa kutafuna mkononi kabla sijaondoka nyumbani. Akasema, "Masikio yakiziba, tafuna." Aliyajua wapi? Aliambiwa na shoga yake aliyeambiwa na mumewe aliyewahi kufanya kazi kwenye meli na kurudishwa kwa ndege. Hivyo ndivyo elimu ilivyosafiri mjini hapa. Na ilikuwa elimu ya kweli. Kuna kijia chembamba kati ya sikio la kati na koo, hufunguka mtu akimeza, akipiga miayo au akitafuna. Ndege ikishuka, hewa ya nje ya sikio huwa nzito kuliko ya ndani, kijia kisipofunguka ngozi ya sikio husukumwa ndani, na hapo ndipo maumivu. Ndiyo sababu wahudumu wa zamani walipita na sinia la peremende. Watu wengi walidhani ni ukarimu tu.

Na jambo hili waulizeni wasafiri wa Mombasa: masikio huuma zaidi ukirudi nyumbani kuliko ukienda Nairobi. Ndani ya ndege hewa huwekwa kama ya mlimani, yaweza kufika sawa na mita 2,400 hivi. Nairobi yenyewe iko juu mita 1,600 na ushei, basi tofauti ni ndogo. Mombasa iko usawa wa bahari, kwa hivyo sikio linateremshwa mlima wote. Kina mama wenye watoto wachanga nilikuwa nawaambia pale kaunta: usimnyonyeshe mtoto akashiba mapema, mwekee ziwa mpaka ndege ianze kushuka. Wengine waliniona sina haya. Waliporudi walinishukuru.

Safari ile nilikaa mkono wa kushoto, kwa bahati tu, na Kilimanjaro ikajitokeza juu ya mawingu. Ukitoka Mombasa kwenda Nairobi mlima uko kushoto, ukirudi uko kulia. Tangu hapo, mtu akija kaunta na uso wa mara ya kwanza, kama kiti cha dirishani kipo nilimpa upande wa mlima bila kumuuliza. Kazi ile haikuwa na mamlaka mengi. Hayo kidogo niliyokuwa nayo niliyatumia hivyo.

Kuhusu mtikisiko, maana najua mtauliza: yale mnayoyaita mashimo ya hewa si mashimo. Jua likishaunguza nchi kavu ya Tsavo, hewa ya moto hupanda kwa vishindo, bawa linapita juu ya pumzi moja kali na nyingine hafifu. Asubuhi na mapema huwa shwari zaidi. Tosha.

Mizigo yetu nayo, jamani. Mswahili haendi kwa jamaa yake Muscat au Jeddah mikono mitupu. Halua, mabuyu, kashata, ng'onda aliyekaushwa mpaka mashine ya ukaguzi inakohoa, na achari ya embe kwenye chupa ya jemu. Mwaka 2006 iligunduliwa njama kule Uingereza ya kulipua ndege kwa vimiminika, na baada ya hapo sheria ya mililita 100 ikaenea viwanjani, achari ikawa mshukiwa. Nilimwona mama mmoja ameambiwa chupa yake haipiti, imo kwenye mkoba wa mkononi na masanduku yameshaondoka. Hakubishana. Akakaa kwenye benchi, akatoa mahamri, akaila achari pale pale, akamgawia mlinzi aliyemkataza, na mlinzi akala. Hiyo ndiyo Mombasa ninayoijua.

Au niwape siku ya tarehe 7 Agosti 2013. Alfajiri moto uliteketeza ukumbi wa kimataifa wa kuwasili pale kiwanja cha Jomo Kenyatta, Embakasi, na ndege kadhaa zilizokuwa njiani kwenda Nairobi zikaelekezwa kwetu. Ilikuwa Ramadhani ukingoni, Idi iko mlangoni, watu wamefunga na wamechoka. Abiria wakawa wanashuka wamezubaa. Mama mmoja wa Kikamba, alikuwa akirudi kutoka ng'ambo alikokwenda kumwona binti yake aliyejifungua, akanishika mkono na kuniuliza, "Hapa ni Embakasi?" Nikamwambia, hapa ni Mombasa, mama. Akanitazama, akacheka peke yake. Alikuwa amevuka bahari mbili kwa ndege, lakini Mombasa hajapata kufika, na maji ya bahari hajapata kuyagusa. Mwenzetu mmoja wa usafi akamchukua kwake Magongo, wakafuturu pamoja, na asubuhi akampeleka maji ya Port Reitz akatia miguu kabla ya kupanda basi la Nairobi. Hakuna aliyemwagiza. Hakuna fomu ya jambo hilo.

Sasa nifike kwenye linaloniuma.

Katika miaka yangu ya mwisho kazini, abiria wa mara ya kwanza niliowaona kwa wingi hawakuwa mahujaji tena. Walikuwa wasichana wanaokwenda kazi za nyumbani Arabuni. Wanakuja usiku, watano sita, fulana za rangi moja, bahasha moja moja mkononi, na wakala anayewaambia fuateni wenzenu, kisha anaondoka kabla hawajapita mlango wa pili. Wa kuwasindikiza hawapo. Wengine wametoka vijijini mbali na hawana nauli ya kuleta mama mpaka Mombasa. Wengine wameondoka nyumbani kimya kimya. Na hata wenye jamaa, siku hizi jamaa huachwa nje ya lango, usalama ndio unaotaka hivyo, na sina ugomvi na usalama.

Msichana mmoja alirudi baada ya kumaliza mkataba wake, akanitambua. Akaniambia kwamba safari ile ya kwanza alikaa na njaa mpaka akafika, kwa sababu sinia za chakula zilipopita alijua zinauzwa na yeye hana pesa za kigeni. Akamwambia mhudumu ameshiba. Jirani yake naye akamwiga, akasema ameshiba. Wasichana wawili wenye njaa, chakula kimeshalipiwa ndani ya tiketi zao, kinarudishwa jikoni. Alinisimulia akicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa kuwa nilikuwa kaunta usiku ule na nilimgongea mhuri wa mizigo bila kumwambia neno. Foleni ilikuwa ndefu. Lakini shangazi yangu, asiyejua hata ndege ina milango mingapi, alipata wasaa wa kuniambia habari ya ubani.

Basi tangu hapo nikawa nawanong'oneza. Chakula ni chako, kula. Choo kiko nyuma, ukisukuma komeo ndipo taa inawaka. Kile kitufe chenye picha ya mtu hakina malipo. Pasipoti yako ishikwe na afisa tu, na picha yake ibaki kwa mtu wa nyumbani. Andika namba ya mama kwenye karatasi, usiiamini simu, chaji itakwisha unapoihitaji. Ukibadilisha ndege, usifuate umati, soma ubao, au muulize mtu mwenye sare. Maneno ya dakika moja. Nyumba nyingi za mjini hapa zina mtu anayeyajua kwa moyo, na mtaa wa pili kuna msichana anayeondoka wiki ijayo ambaye hajayasikia.

Kwa hivyo ombi langu kwenu ni dogo. Mkisikia mtoto wa watu anasafiri, hata kama si wa ukoo wenu, mwiteni. Mkalisheni, mpeni chai, mwambieni ndege ilivyo. Na msimcheke. Wanaocheka washamba wa ndege ni wale waliopanda juzi.

Vijana mnaopiga picha za bawa, mimi siko nanyi vitani, kinyume na baadhi ya wenzangu wa rika langu. Sisi tulileta nyumbani kijiko cha plastiki na kile kifuko cha karatasi cha kutapikia, tukavionyesha mtaani mpaka vikachakaa. Dada yangu alitilia vifungo vya nguo kwenye kifuko chake kwa miaka. Picha ni nafuu zaidi. Ila picha mpigeni na huyo anayewasindikiza, hata kama ni nje ya lango, hata kama ni kwenye tuktuk.

Nimeambiwa nusu saa yangu imekwisha, na kahawa inapoa. Nilimwahidi nafasi mzee wangu wa Dakota, na namwona keshakaa sawa. Mwenye maikrofoni, mpelekee pale mstari wa pili. Mzee, shikamoo. Hebu tuambie, ulikuwa unakwenda wapi, na nani alikuja kukuaga?